Maneno ya Sherehe

Kuna maneno ya kuagizia chai, na kuna maneno ya kuoza binti. Ukikosea yale ya kwanza utaletewa kahawa. Ukikosea haya ya pili umevuruga nyumba ya watu. Haya ya pili ndiyo ninayotaka kuyanena hapa: maneno ya sherehe, yasemwayo watu wakiwa wamevaa vizuri, wameketi kwa safu, na wamenyamaza. Hoja yangu ni moja, nami nitaitaja mapema ili msomaji asije akasema nimemvizia. Katika mji wetu wa Thika, na katika sehemu kubwa ya Kenya, twafanya sherehe zetu kwa Kiingereza ambacho wengi wa wale wanaofungwa nacho hawakifahamu. Jambo hili twaliita heshima. Mimi naliita dhuluma, na naweza kulishuhudia, maana nimekuwa mmoja wa waliodhulumu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwalimu katika shule moja ya hapa. Ilikuwa siku ya mahafali. Watoto wa chekechea walivikwa majoho meusi na kofia za mraba zilizokodiwa kwa siku moja. Majoho yaliwaburuta chini kama nguo za baba zao. Wazazi walijaa chini ya hema. Wengine walitoka katika mashamba ya mananasi na ya kahawa, wengine viwandani, wengine sokoni. Walikuwamo Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na Wajaluo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Mimi nilichaguliwa kuwa mshereheshaji, kwa sababu ilisemekana kwamba Kiingereza changu kinateleza vizuri.

Kiliteleza kweli. Nilipotaka wazazi wasimame sikusema "simameni". Nilisema "be upstanding", na waliokuwa nyuma wakainuka baada ya kuwaona wa mbele wameinuka. Nilipochoka kuwataja wageni kwa vyeo vyao nilisema "protocol observed", maneno ambayo katika nchi yetu hutamkwa mfano wa dua, na sijapata kukutana na mtu aliyeuliza ni itifaki gani hiyo iliyozingatiwa. Kisha, kabla ya vyeti kutolewa, nilipewa karatasi niisome. Lilikuwa azimio kwamba kila mzazi atoe shilingi 2,500 kila muhula, mwaka mzima, ili shule inunue basi. Nililisoma kwa Kiingereza kizito, lenye sentensi ndefu kama reli, nikaomba wanaoafiki wainue mikono. Mikono ikainuka, makofi yakapigwa, katibu akaandika.

Watu walipokuwa wakiondoka alinijia mama mmoja, kibarua wa shamba, amemshika mwanawe mkono na joho lingali mwilini mwa mtoto.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Pale tulipoinua mikono, tumekubali nini?"

Nilicheka kidogo. Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, Mama. Ni mambo ya maendeleo tu."

Mwezi wa Januari mtoto yule alirudishwa nyumbani kwa sababu fedha za basi hazijalipwa. Mama akaja shuleni kulalamika, akaonyeshwa daftari la kumbukumbu, palipoandikwa kwamba wazazi wote waliafiki. Hakuwa na la kujibu, maana mkono wake aliuinua kweli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki mkononi, nami pia sikusema neno.

Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka, na nimelifanya kuwa kipimo cha kila sherehe niionayo: hawa waliokusanyika, wamekubali nini?

Watu wengi hudhani kwamba maneno ya sherehe ni pambo, kama maua ya karatasi na puto. Hili ni kosa la kwanza. Mwanafalsafa Mwingereza, J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955, iliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1962, alieleza kwamba yako maneno ambayo kuyasema ndiko kuyatenda. Mtu asemaye "mvua inanyesha" atoa habari ya mvua. Lakini asemaye "naahidi" hatoi habari ya ahadi, bali ameifanya ahadi yenyewe, na kabla hajafumba kinywa amekwisha kufungwa. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kwenda Harvard. Mswahili husema kwamba kiapo huliwa. Mkikuyu husema kwamba kiapo hunywewa. Maana yao wote wawili ni moja: neno hilo limeingia mwilini, wala haliwezi kutapikwa kwa urahisi.

Tazama jinsi wengine wanavyolichunga. Tarehe 20 Januari 2009 Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliapishwa kuwa Rais wa Marekani. Jaji Mkuu John Roberts, alipokuwa akimwongoza katika kiapo, aliliweka neno moja mahali pasipo pake. Ni neno moja tu, nalo halikupotea, lilihama. Lakini kesho yake, tarehe 21, Rais na Jaji Mkuu wakakutana tena, na kiapo kikasemwa upya ili pasiwe na shaka. Ikiwa neno moja lililohama liliwarudisha watu wakubwa hivyo, sembuse kiapo kizima ambacho mwenye kuapa hakifahamu hata neno moja?

Nasi twawaapisha watoto hivyo kila mwaka. Nimeona viranja wa shule wakisimama mbele ya wenzao, mkono mmoja juu, wakifuatisha kiapo cha Kiingereza. Mvulana mmoja mtiifu sana alipofika penye neno "solemnly", ambalo kazi yake ni kuonyesha kwamba mtu aapa kwa dhati, alitamka "Solomon", na kwa hiyo akaapa kwa Nabii Sulemani. Walimu tulicheka mpaka machozi. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba wale wenziwe waliolitamka neno hilo sawasawa hatukuwauliza maana yake, wala hatukuwa na hakika kwamba wanaijua. Tofauti yao na yeye ilikuwa katika ulimi.

Sasa wako watakaosema, "Lakini hivyo ndivyo wafanyavyo Waingereza wenyewe, lugha yao ina maneno makuu ya sherehe, nasi twafuata ustaarabu." Basi na tuwatazame Waingereza, maana historia yao yasema kinyume cha wanavyodhani mashabiki wao.

Maneno mengi makuu ya Kiingereza cha sherehe si ya Waingereza kwa asili. Mwaka 1066 William, Mtawala wa Normandy, aliishinda Uingereza, na kwa karne nyingi Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, Kilatini kikawa lugha ya kanisa na ya wasomi. Neno lao la kumweka kiongozi madarakani, "inauguration", limetoka kwa makuhani wa Roma ya kale waliotazama ndege angani ili kujua kama miungu imeridhia. Neno "graduation" limetokana na neno la Kilatini la hatua au daraja. Hiyo "protocol" yetu asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kale ilikuwa karatasi ya kwanza iliyogundishwa mbele ya gombo. Kumbe huyu tunayemwazima nguo naye aliziazima! Mkulima wa Kiingereza wa karne ya 13 alisimama mahakamani huku kesi yake ikisemwa kwa Kifaransa, naye akajiuliza kama alivyouliza yule mama wa shambani: tumekubali nini?

Na Waingereza walilijibu swali hilo. Mwaka 1362, katika enzi ya Mfalme Edward wa Tatu, Bunge lao lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotajwa ni kwamba watu hawakuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao wala yaliyosemwa juu yao. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mazoea hayafi kwa siku moja. Kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini mpaka sheria nyingine ya mwaka 1730 ilipoamuru zote ziwe kwa Kiingereza. Mwaka 1549 kitabu cha sala kilichotungwa chini ya uongozi wa Askofu Mkuu Thomas Cranmer kiliamriwa kitumike makanisani, na tangu hapo bwana na bibi arusi wakawa na ibada nzima ya ndoa kwa Kiingereza. Hata juzijuzi, mwaka 1996, Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoruhusu maneno mepesi zaidi katika ndoa za serikali.

Ni kweli kwamba wamebakiza masalio. Mfalme anapoukubali muswada, idhini yake hutangazwa Bungeni kwa Kifaransa cha kale. Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge shahada hutolewa kwa maneno ya Kilatini. Lakini haya yamebaki kama mapambo juu ya paa. Msingi wa nyumba, yaani yale yanayomfunga mtu wa kawaida, kama kesi, ndoa, kodi na mkataba, wameuweka katika lugha ya mtu huyo. Sisi tunaowaiga tumeiga kofia, tukakiacha kichwa.

Turudi kwetu. Katiba ya Kenya iliyoanza kufanya kazi tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika kifungu cha 7 kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ni maneno mazuri. Lakini kifungu cha 259 chasema kwamba ikiwa tafsiri za Katiba zitahitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Kiswahili kimepewa kiti sebuleni, lakini funguo za nyumba ziko kwa mwenzake. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Hata hivyo haikupita miaka kumi, Kiingereza kikawa kimerejea katika mijadala.

Tazama pia sikukuu zetu za taifa. Wimbo wa Taifa, ambao sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, twauimba kwa Kiswahili, watu wote wamesimama wima. Kisha twaketi, na hotuba ya Kiingereza yaanza kusomwa. Kwa miaka mingi marais wetu wamekuwa na desturi ya kuisoma hotuba iliyoandikwa, halafu kuiweka kando na kusema na watu kwa Kiswahili. Hapo ndipo uwanja unapoamka. Twasimama kwa Kiswahili, twaketi kwa Kiingereza, na twaamka tena kwa Kiswahili. Tarehe 13 Septemba 2022, katika uwanja wa Kasarani ulio kando ya barabara hii hii ya Thika, Rais William Ruto aliapa kwa Kiingereza mbele ya maelfu ya raia. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 19 Machi 2021, jirani yetu Samia Suluhu Hassan aliapa kwa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Sijasikia mtu akisema kwamba kiapo cha Dar es Salaam kilikuwa chepesi kuliko cha Kasarani.

Wapinzani wa hoja hii huleta sababu tatu, nami nitazipima kwa haki.

Sababu ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Asemaye hivi hajakipekua. Tuna mahafali kwa wanaohitimu, na nikahi kwa wanaooana. Tuna dhifa kwa kula, hafla kwa kukusanyika, na tafrija kwa kuburudika. Aliyefiwa hufanyiwa matanga, na siku zikitimia husomewa hitima. Mkuu husimikwa, kama nguzo isimikwavyo ardhini ili isimame. Mradi huzinduliwa, kama mtu azinduliwavyo usingizini. Wanafunzi humsomea mgeni rasmi risala, naye huwajibu kwa hotuba. Kila neno hapa lina kazi yake. Ukosefu uko katika mazoea yetu.

Sababu ya pili ni kwamba Kiingereza chaleta heshima. Nakubali kwamba chaleta ukimya. Lakini ukimya wa mtu anayesikiliza si ukimya wa mtu aliyepotea. Wenye hila wanaujua vizuri ukimya huu wa pili, maana ndani yake azimio lolote laweza kupita. Hapa Thika iko Bustani ya Mugumo, iliyopewa jina la mti ambao chini yake wazee wa Kikuyu walikuwa wakiomba na kutoa sadaka. Nani atathubutu kusema kwamba ibada zile zilikosa heshima kwa sababu kila aliyehudhuria alizielewa?

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nami siikwepi. Wapo wanaouliza: "Je, bibi kizee wa Gatanga aelewa neno mahafali kuliko graduation? Je, Kiswahili chako cha vitabuni si joho jingine la kuazima?" Swali hili ni la haki. Na historia ile ile ya Waingereza yalipa nguvu, kwa maana kitabu cha sala cha mwaka 1549 kilipopelekwa Cornwall, watu wa huko waliasi, na miongoni mwa malalamiko yao walisema kwamba wako kati yao wasiojua Kiingereza kabisa. Dawa ya London ilikuwa sumu kwao. Kwa hiyo sisemi kwamba Kiswahili kina baraka ya peke yake. Mshereheshaji wa Kiswahili anayejaza misamiati ili asifiwe naye ni ndugu yangu wa zamani. Ninachosema ni kwamba neno la sherehe lapaswa kumfikia yule linayemfunga. Pale walipo Wakikuyu watupu, na liwe Kikuyu. Pale walipo Wakamba, na liwe Kikamba. Pale walipochanganyika, kama ilivyo katika viwanda na shule za Thika na Ruiru, Kiswahili ndicho kinachowafikia wengi, na kiwe chepesi. Neno geni likilazimu, na lifafanuliwe. Hakuna sherehe iliyowahi kuharibika kwa kufafanuliwa.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wasema wahenga. Nimeyaona majoho ya kukodi yakikusanywa jioni, yakihesabiwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Nayo maneno ya kukodi yana mwisho kama huo, ila ahadi iliyofungwa kwayo hubaki na maskini.

Mwaka uliofuata nilipewa tena kazi ya kusherehesha. Karatasi ikaletwa tena, safari hii ikitaka fedha za kuongeza chakula cha mchana. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa niisome kwa Kiswahili, na mwalimu mwenzangu aieleze kwa Kikuyu na Kikamba. Alikubali bila furaha. Niliposema "anayekubali ainue mkono", mikono haikuinuka kama mwaka ule mwingine. Iliinuka michache, kisha mzee mmoja akasimama akauliza ni fedha ngapi, zitashikwa na nani, na asiyeweza atafanyiwa nini. Mwingine akauliza kuhusu basi, ambalo bado hatukuwa tumeliona. Mashauri yakaendelea karibu saa nzima. Mgeni rasmi alitazama saa yake mara nyingi, na pilau ikapoa. Mwishowe wazazi walikubali nusu ya kiasi kilichoombwa, na katibu hakuandika kwamba wote waliafiki. Aliandika wangapi waliafiki na wangapi walikataa.

Mama yule alikuwapo. Hakuinua mkono. Aliuweka pajani akanitazama, na nikaelewa kwamba mkono uliotulia pale ulikuwa umesema zaidi ya ule ulioinuka mwaka uliotangulia.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi, kesho mtakuwa ndio mnaoshika vipaza sauti. Mtaoza, mtaapisha, mtasimika, mtazika. Jifunzeni Kiingereza kwa bidii, mkijue kuliko tulivyokijua sisi, kwa maana elimu haina adui. Lakini siku mtakaposimama mbele ya watu walioacha kazi zao wakaja kuwasikiliza, msianze kabla hamjawatazama nyuso na kujiuliza kama watakaporudi nyumbani wataweza kuwaeleza watoto wao walichokubali. Wasipoweza, hamjafanya sherehe bado. Anzeni upya, kwa lugha yao.